Kitufe Kinasema Nunua, Mkataba Unasema Umeazima

Neno “nunua” sokoni lina maana moja. Fedha zinatoka kwako, kitu kinatoka kwa muuzaji, na kuanzia hapo kitu ni chako: utakifungia kabatini, utamwazima jirani, utamuuzia mwingine au utawaachia wanao. Maduka ya mtandaoni ya vitabu, filamu, muziki, michezo na programu za kompyuta yanatumia neno hilohilo, lakini maana imebadilishwa kimyakimya. Anayebonyeza kitufe hapati kitu. Anapata ruhusa ya kukitumia, na masharti ya ruhusa hiyo yamo kwenye mkataba mrefu ambao watu huuteremsha haraka hadi chini na kuweka alama ya kukubali.

Naona hapa ndipo penye chanzo cha magomvi mengi kuhusu hakimiliki. Mtu akisema “nimelipa, kwa hiyo ni changu” huambiwa haelewi sheria. Anaelewa vizuri sana; ameelewa alichoandikiwa kwenye kitufe. Anayepaswa kujieleza ni yule aliyeandika jambo moja kwa herufi kubwa mbele na jambo jingine kwa herufi ndogo nyuma. Sisemi haya kuwabeza watunzi na waandishi wa programu. Kazi yao ni jasho, na jasho hulipwa. Nasema bei ya kitu na bei ya ruhusa haziwezi kuwa bei moja, na mlaji ana haki ya kujua analipia kipi.

Sheria ya hakimiliki hutenganisha vitu viwili ambavyo mkononi huonekana kimoja: kazi, yaani maneno, sauti au picha alizozibuni mtunzi, na nakala, yaani karatasi au diski iliyoibeba kazi hiyo. Ukinunua kitabu cha karatasi hupati haki ya kukichapisha upya, lakini nakala ile ni yako. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa dai la mchapishaji aliyekuwa amepiga chapa ndani ya kitabu onyo kwamba hakuna muuzaji anayeruhusiwa kukiuza chini ya dola 1. Mahakama ilisema mchapishaji akishaiuza nakala, hana tena mamlaka ya kupanga itauzwaje baadaye. Wazo hilo ndilo linalompa muuza vitabu vya mitumba uhalali wake, na nchi nyingi zina kanuni inayofanana nalo.

Faili halihami kama kitabu. Ukimtumia mwenzio, kompyuta yake huandika nakala mpya, na kunakili ndiyo haki hasa ambayo sheria imemwachia mwenye kazi. Kampuni ya ReDigi ilitaka kuwa soko la nyimbo za iTunes, duka la muziki la Apple, ambazo wenyewe hawazihitaji tena. Ilieleza kwamba mfumo wake hulifuta faili la muuzaji kadiri linavyohamia kwa mnunuzi, lakini mwaka 2018 mahakama ya rufani huko New York iliikatalia. Ulaya mambo yamegawanyika. Julai 2012, katika shauri la UsedSoft, muuzaji wa leseni zilizotumika, na Oracle, kampuni ya programu, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliruhusu leseni ya kudumu ya programu iuzwe tena, mradi muuzaji ahakikishe nakala iliyobaki kwake haitumiki. Desemba 2019 mahakama hiyohiyo ikakataa kitabu cha kielektroniki kiuzwe tena. Programu zina sheria yake ya Ulaya, vitabu viko chini ya sheria nyingine, na mwanasheria ataridhika na jibu hilo. Mlaji aliyelipa bei inayokaribiana na ya kitabu cha karatasi, ambacho angeweza kukiuza kesho, sioni kwa nini aridhike.

Kisha kuna kufuli. Kufuli la kidijitali hufanya kazi hivi: faili husimbwa, yaani hugeuzwa lisisomeke, ufunguo wa kulisimbua hubaki chini ya udhibiti wa muuzaji, na programu ya kusomea au kuchezea huiomba seva, yaani kompyuta ya muuzaji iliyo mtandaoni, ufunguo huo ikitaja akaunti yako na kifaa chako. Seva ikijibu, kitabu kinafunguka. Seva ikizimwa kabisa, faili limo kwenye diski yako lakini halina kazi. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu vilivyonunuliwa humo viliacha kusomeka. Wateja walirudishiwa fedha zao, na waliokuwa wameandika maelezo pembezoni mwa kurasa wakaongezewa dola 25. Ilikuwa heshima kurudisha fedha, lakini duka la vitabu vya karatasi likifilisika hakuna anayekuja nyumbani kuchukua rafu. Miaka kumi kabla, Julai 2009, Amazon ilikwishaonyesha jinsi mkono wa muuzaji unavyoweza kufika ndani ya begi la mnunuzi: vitabu viwili vya George Orwell vilifutwa kwa mbali kwenye Kindle, vifaa vyake vya kusomea, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Linganisha na Apple, ambayo mwaka huohuo wa 2009 iliondoa kufuli kwenye nyimbo za duka lake. Wimbo ulionunuliwa hivyo ukapakuliwa unapigwa hadi leo kwenye kifaa chochote, bila kuuliza mtu.

Mara nyingine hata muuzaji mwenyewe ni mpangaji. Duka la filamu huwa na mkataba wa muda na studio. Mkataba ukiisha, lililouzwa linaweza kuondoka pamoja nao. Desemba 2023 Sony iliwatangazia wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya runinga vya kampuni ya Discovery walivyokwisha kuvinunua vitatoweka kwenye maktaba zao. Baadaye mwezi huo kampuni hizo zilielewana upya na vipindi vikabaki, lakini tangazo lenyewe lilikuwa limefundisha ya kutosha. Michezo ya kompyuta ni mibaya zaidi, kwa sababu baadhi hulazimisha seva hata unapocheza peke yako. Mchezo wa magari wa The Crew, wa Ubisoft, ulizimwa tarehe 31 Machi 2024, na hata aliyekuwa na diski halisi alibaki na kipande cha plastiki. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, na hapa mwenye nguo ameidai mtu akiwa katikati ya barabara.

Kufuli lina kosa jingine ambalo watu wachache hulizungumza: halijui sheria. Nchi nyingi zinaruhusu kunukuu kidogo kwa ajili ya mafunzo au uhakiki, na baadhi zinaruhusu nakala ya matumizi binafsi, lakini kufuli hukataa vyote sawasawa. Sheria ya Marekani ya 1998 ilikwenda mbali zaidi ikaharamisha kuvunja kufuli kwenyewe, hata pale ambapo matumizi yanayokusudiwa ni halali; misamaha hupangwa upya kila baada ya miaka 3. Wanaoumia mwanzo ni wasioona, kwa sababu kufuli linaweza kuizuia programu ya kusoma skrini kwa sauti. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kutumika Septemba 2016, unazitaka nchi wanachama ziruhusu nakala zinazofikika kwa wasioona kutengenezwa na kuvushwa mipaka. Umma unapaswa kuujua mkataba huo zaidi kuliko unavyojulikana.

Na muda wa ulinzi nao umerefuka kupita kiasi. Sheria ya Uingereza ya 1710 ilimpa mwandishi wa kitabu kipya miaka 14, na 14 mingine kama bado yu hai. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini mwaka 1886, leo unadai kwa kazi nyingi angalau uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake; Ulaya na Marekani zimefika 70. Kazi za zamani zilizochapishwa Marekani zinaweza kulindwa hadi miaka 95, ndiyo maana katuni ya kwanza ya Mickey Mouse iliyoonyeshwa kwa umma mwaka 1928 ilisubiri hadi Januari 1, 2024 iwe mali ya wote. Mtunzi kulipwa akiwa hai naliunga mkono bila kusita. Kitabu ambacho hakuna anayekiuza kukaa kifungoni hadi wajukuu wa mtunzi wazeeke hakumlishi mtu yeyote, na kunawafanya watu waidharau hata sehemu ya sheria iliyo ya haki.

California imejaribu kuirekebisha lugha. Tangu Januari 1, 2025 muuzaji wa bidhaa za kidijitali huko haruhusiwi kutumia neno “nunua” bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu. Duka la michezo la Steam lilianza kuonyesha maelezo ya aina hiyo Oktoba 2024. Sheria hiyo haimpi mnunuzi kitu zaidi ya ukweli, lakini ina kifungu kimoja kizuri: muuzaji anayempa mteja faili la kudumu, linaloweza kupakuliwa na kutumika bila mtandao, hahusiki na katazo. Kipimo hicho kila mtu anaweza kukitumia mwenyewe.

Kitumie hivi. Kabla hujajaza maktaba kwenye duka lolote, nunua kitu kimoja cha bei ya chini. Kipakue, kinakili kwenye kompyuta nyingine ambayo haina akaunti ya duka hilo, zima intaneti, kisha jaribu kukifungua kwa programu ya kampuni tofauti: kitabu cha EPUB kwa kisomeo kingine, wimbo wa MP3 au FLAC kwa VLC, programu ya kuchezea sauti na video. Kikifunguka, umenunua. Kikidai uingie kwenye akaunti, umeazima, na bei yake uilinganishe na ya kuazima. Usidanganyike na kitufe cha “pakua” cha huduma za filamu na muziki za kulipia kwa mwezi. Nyimbo zilizopakuliwa ndani ya Spotify hudai uunganishe mtandao angalau mara moja kila siku 30, na filamu nyingi za Netflix huisha muda ndani ya simu hata kama hujazitazama. Bandcamp huuza muziki bila kufuli, na GOG huuza michezo yenye faili la kusakinishia unaloweza kulihifadhi. Uuzaji wa wazi, kwa hiyo, unawezekana kibiashara. Anayedai hauwezekani anaeleza chaguo lake. Tahadhari moja: maduka hubadilika. Amazon iliondoa Februari 2025 njia ya kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya, na aliyeahirisha hadi Machi alikuta mlango umefungwa.

Faili lisilo na kufuli nalo linakufa lisipotunzwa. Weka nakala mbili nje ya kompyuta yenyewe, moja ikae jengo jingine. Flashi si ghala: ikikaa miaka bila umeme inaweza kupoteza data, na ikifa hufa ghafla. Diski ya nje ni afadhali, mradi uichomeke walau mara moja kwa mwaka na ufungue mafaili machache kuhakikisha. Nafasi si kisingizio. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde hula MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo GB 64 hubeba zaidi ya nyimbo 6,000 za dakika 4.

Kwenye programu za kazi, mvutano ni wa namna nyingine. Mei 2013 Adobe, kampuni ya Photoshop, ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za ubunifu yatapatikana kwa malipo ya muda tu, na wengine wengi wakafuata. Hoja ya kampuni ina uzito: viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya, havitoki bure, seva zina gharama kila mwezi, na mapato ya mfululizo hulipa mishahara vizuri kuliko mauzo ya msimu. Lakini mlaji anapaswa kupiga hesabu yake mwenyewe. Gawanya bei ya kununua mara moja kwa bei ya mwezi. Programu inayouzwa 150 na kukodishwa 7 kwa mwezi hufikia usawa mwezi wa 22. Kisha uliza toleo la kununua litapata viraka hadi lini: Office 2024 ya Microsoft inahudumiwa hadi Oktoba 2029, takribani miezi 60 tangu itoke Oktoba 2024. Mtu mmoja anayeandika barua na kujaza majedwali karibu kila mara atapata nafuu kwa kununua. Familia ya watu sita wanaotumia usajili mmoja wa Microsoft 365, kila mmoja akiwa na TB 1 ya kuhifadhia, hesabu hugeuka kabisa, na hapo kulipa kwa mwezi ni busara.

Wengi hukosea mahali pa kutoka. Usajili wa Office ukiisha, programu za kwenye kompyuta hubaki kufungua na kuchapisha tu, bila kuhariri. Kwa hiyo toa kazi zako ungali unalipa: hati ziwe ODT au DOCX pamoja na PDF, picha zenye tabaka zihifadhiwe pia kama TIFF. Soma maneno “kwa mwaka, hulipwa kila mwezi” mara mbili. Mkataba wa namna hiyo wa Adobe umekuwa ukitoza nusu ya kiasi kilichobaki kwa anayevunja baada ya siku 14 za mwanzo: ukiondoka baada ya miezi 4, imebaki 8, utalipa sawa na 4. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo ikidai tozo ilifichwa, kampuni ilikana. Na kufuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Kwenye Android nenda Play Store, gusa picha ya akaunti, kisha malipo na usajili. Kwenye iPhone fungua mipangilio, gusa jina lako, kisha usajili, na ufanye hivyo angalau saa 24 kabla ya tarehe ya kutozwa. Mali bila daftari hupotea bila habari: andika mahali pamoja jina la huduma, tarehe ya kukatwa na kadi inayokatwa, kwa sababu taarifa ya benki hueleza baada ya fedha kwenda.

Bei zikizidi, watu hukimbilia programu zilizochakachuliwa. Sitawaita wezi wote, kwa kuwa wengi wao wangelipa bei ya wastani wangeipata. Nawaambia tu kinachotokea. Maelekezo karibu yote huanza kwa kukutaka uzime kizuia virusi. Kirusi cha STOP, kinachojulikana pia kama Djvu, kilisambaa kwa miaka kupitia programu za aina hii, kikifunga mafaili ya mtu na kudai fidia. Virusi vingine ni vinyamavu zaidi: huchukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vya kuingilia, yaani kumbukumbu zinazokutambulisha kwenye tovuti, na mwizi anaingia kwenye barua pepe yako bila kuulizwa nywila. Funguo za Windows za bei ya kutupwa nazo zichunguzwe. Fungua dirisha la amri, andika slmgr /dli, usome aina ya leseni. RETAIL huhamishika kwenda kompyuta nyingine. OEM imefungwa na mazabodi ya kompyuta iliyokuja nayo. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye kompyuta ya nyumbani, hiyo ni leseni ya taasisi. Uhai wake ni siku 180 kila inapohuishwa, na siku yoyote inaweza kukataliwa.

Njia halali ya kukwepa gharama ni programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, na inastahili kusifiwa kwa ukweli wake, pamoja na mapungufu. LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi, inamtosha mtu wa kawaida. Lalamiko kuu, kwamba hati za Word “zinaharibika”, mara nyingi ni la fonti: hati imeandikwa kwa Calibri au Cambria, kompyuta haina fonti hizo, mistari inasogea na ukurasa wa tatu unakuwa wa nne. Sakinisha Carlito na Caladea, zilizochorwa kwa upana uleule wa herufi, na mpangilio hurudi mahali pake kwa sehemu kubwa. Makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha ndani ya majedwali, ni shida ya kweli. Nyingi zitahitaji kuandikwa upya. GIMP, programu ya kuhariri picha, inatosha kwa picha za mtandaoni, lakini kazi ya kiwanda cha uchapaji inayodai rangi za CMYK, yaani wino nne za kuchapia, imalizie kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa. Hifadhi hati zako kwa ODF, muundo ambao ni kiwango cha kimataifa tangu 2006, nawe hutategemea kampuni moja kuzifungua.

Blender, programu ya kuchora na kuhuisha picha za pande tatu, ilikaribia kufa mwaka 2002 kampuni iliyoimiliki ilipofungwa. Wawekezaji walitaja bei ya kuiachia: euro 100,000. Watumiaji walichanga kiasi hicho ndani ya wiki 7, na Oktoba mwaka huo msimbo wake ukatolewa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia, kuubadili na kuusambaza. Wale waliochanga walijua wanalipia nini. Matoleo ya zamani ya Blender bado yako kwenye tovuti yake, na aliye na faili lililochorwa miaka ishirini iliyopita anaweza kupakua toleo la wakati ule akalifungua, bila akaunti wala kadi.